Miezi 300

Hesabu yangu ya kwanza ya kustaafu kwa raha niliipiga nikiwa na miaka 31, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kazini, katikati ya mkutano uliokuwa umenichosha. Nilichukua matumizi yangu ya mwaka nikazidisha kwa 20, maana nilijipangia kustaafu nikiwa na 60 na kufa nikiwa na 80. Nikachukulia kwamba fedha nitakazoweka zitazaa asilimia 8 kwa mwaka. Kikatoka kiasi cha kuweka kila mwaka ambacho hakikunitisha hata kidogo: chini kidogo ya sehemu moja ya tano ya matumizi yangu. Nikakipigia mstari mara mbili, nikafunga daftari, na kwa miaka sita nikawa naweka kiasi hicho bila kuwaza zaidi.

Aliyenizindua ni mwenzangu wa uhasibu. Nilikuwa natafuta namba ya simu kwenye daftari lile la zamani, akaona ule mstari.

"Hizi bei ni za lini?"

"Za mwaka ule nilipoandika."

"Na fedha zako zitakua kwa miaka 29?"

"Ndiyo."

"Na bei zenyewe zitakaa tu zikikusubiri?"

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nilikuwa nimezipa fedha miaka 29 ya kukua na bei sikuzipa hata siku moja. Kuna njia ya mkato ya zamani sana, ambayo Luca Pacioli aliiweka katika kitabu chake cha hesabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494: gawa 72 kwa asilimia ya ukuaji, upate idadi ya miaka ya kitu kuongezeka maradufu. Watu huitumia kufurahia riba. Itumie upande wa bei uone. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, zinakuwa maradufu kila baada ya miaka 12. Katika miaka 29 zinapita mara tano. Lile fungu langu la miaka 20, kwa mwendo huo, lingenifikia likiwa na uwezo wa kununua chini ya miaka minne ya maisha. Ningestaafu nikiwa na 60, na kabla sijatimiza 64 ningekuwa natafuta kazi.

Wazee walisema akiba haiozi. Nadhani walikuwa wanasema juu ya nafaka ghalani, na hata hiyo huliwa na fukusi. Fedha taslimu huoza, tena huoza kimyakimya, namba yake ikibaki vilevile kwenye karatasi. Ndiyo maana hesabu yoyote ya kustaafu inayotaja kiasi fulani cha fedha cha miaka 25 ijayo hunitia shaka tangu mstari wa kwanza. Sijui namba hiyo itanunua nini siku hiyo, na anayeniambia naye hajui.

Basi nikarudi mwanzo. Ushauri niliokuwa nikikutana nao ulikuwa wa aina mbili. Wa kwanza husema weka asilimia 10 ya mshahara. Wa pili husema utakapostaafu utahitaji asilimia 70 au 80 ya mshahara wako wa mwisho, kwa hiyo jiandae kwa kiwango hicho. Zote zinaanzia kwenye mshahara, na mshahara ndiyo sehemu ya maisha yangu itakayokoma siku ya kustaafu. Kinachobaki ni matumizi. Chukua watu wawili wenye mshahara ule ule: mmoja anautumia wote, mwingine anaweka asilimia 30. Huyu wa pili tayari anaishi kwa asilimia 70. Kumwambia ajiandae kwa asilimia 80 ya mshahara ni kumwambia kwamba akiwa mzee ataishi kwa gharama kubwa kuliko anavyoishi leo akiwa na watoto shuleni. Na yule wa kwanza, ukimwambia 70, unamwambia apunguze karibu theluthi ya maisha yake bila kumweleza ataanza kupunguza wapi.

Nikanunua daftari jipya. Mke wangu alikubali tuandike kila tunachotumia kwa miezi mitatu, kwa sharti kwamba hakuna atakayemuuliza mwenzake "kwa nini". Sharti hilo ndilo lililoliokoa daftari. Miezi mitatu ilipokwisha tuliona haitoshi, tukaendelea hadi mwaka.

Sababu ya kuendelea ni kwamba kila mwezi tulikuwa tunaandika pembeni: "mwezi huu si wa kawaida." Mwezi mmoja ulikuwa na bima ya mwaka mzima. Mwingine ulikuwa na paa lililovuja. Mwingine jino langu la nyuma lilipasuka, na nilikaa kwenye kiti cha daktari mdomo wazi nikiwaza ni safu ipi ya daftari nitakayoliandika. Mwisho wa mwaka nikahesabu: miezi kumi na mmoja kati ya kumi na miwili ilikuwa na alama ya "si wa kawaida". Mwezi wa kawaida haukuwepo. Mtu akiniuliza leo aanzie wapi, namwambia ajumlishe mwaka mzima pamoja na meno na mapaa, kisha agawe kwa 12. Namba hiyo huwa kubwa kuliko ile aliyo nayo kichwani. Yangu ilizidi kwa karibu robo.

Tulipoipata, jambo moja likabadilika ambalo sikulitegemea. Niliacha kuhesabu akiba kwa fedha, nikaanza kuihesabu kwa miezi. Ukigawa akiba yote uliyo nayo kwa gharama ya mwezi mmoja wa maisha yako, unapata idadi ya miezi unayoweza kuishi bila mtu yeyote kukulipa. Bei zikipanda, matumizi yanapanda, na miezi inapungua yenyewe bila wewe kukokotoa mfumuko wa bei. Kipimo kinajirekebisha. Tena kinafanana na kile hasa tunachokinunua tunapoweka akiba, yaani muda.

Kwa kipimo hiki utaona kitu ambacho asilimia ya mshahara hukificha. Anayeweka asilimia 10 anaishi kwa 90, hivyo anafanya kazi miezi tisa ili anunue mwezi mmoja wa uhuru. Anayeweka 20 anafanya kazi miezi minne kwa mwezi mmoja. Anayeweka 30 anafanya kazi miezi miwili na siku kumi hivi. Anayeweza kuweka nusu, na ni wachache, kila mwezi wa kazi unamletea mwezi wa kupumzika. Kutoka 10 kwenda 20 kunaonekana kama hatua ya asilimia kumi tu, kumbe kunapunguza bei ya mwezi wa uzeeni kwa zaidi ya nusu. Ni kwa sababu kila unachoacha kutumia kinafanya kazi mara mbili: kinaongeza akiba, na papo hapo kinapunguza gharama ya maisha unayoyawekea akiba. Kuongezewa mshahara hakufanyi hivyo: hata usipoigusa nyongeza hiyo, inaongeza akiba tu.

Sasa, miezi mingapi inatosha?

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, ambaye chuoni alisomea uhandisi wa ndege, alijiuliza swali la kihandisi: mstaafu anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila tangi kukauka? Alichukua takwimu za hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali kwa riba) za nchi yake kuanzia 1926, akawachukulia wastaafu wa kufikirika walioanza miaka mbalimbali, pamoja na walioangukia kwenye mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 na mfumuko wa bei wa miaka ya 1970. Akaona kwamba mtu aliyechota asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kila mwaka kulingana na kupanda kwa bei, hakuishiwa kabla ya miaka 30, hata kama alistaafu mwaka mbaya kuliko yote. Asilimia 4 kwa mwaka ni sawa na akiba ya mara 25 ya matumizi ya mwaka. Mara 25 kwa miezi 12: miezi 300.

Napenda namba hiyo kwa sababu inakaa kichwani, na naiogopa kwa sababu hiyo hiyo. Bengen alikuwa anaangalia nchi moja, ambayo masoko yake katika karne ya 20 yalikuwa na bahati kuliko mengi. Mwaka 2010 mtafiti Wade Pfau alipima hesabu hiyo kwa nchi 17 zilizoendelea, na katika nyingi kati yake asilimia 4 haikuwa salama. Bengen mwenyewe, kwa upande wake, baadaye alichanganya aina nyingi zaidi za hisa, akaona anaweza kupandisha kiwango kidogo. Pia hesabu yake inadhani unamiliki hisa kwa karibu nusu ya akiba au zaidi, na kwamba hakuna anayekukata ada nono kwa kukutunzia fedha. Ada ya asilimia 2 kwa mwaka ni nusu ya asilimia 4 yako. Ukiweza kufanya jambo moja tu baada ya kusoma haya, soma ile karatasi ya ada ambayo uliisaini bila kuisoma. Mimi yangu niliisaini hivyo.

Asiyeamini masoko ya kwake, au anayetaka kustaafu mapema akiwa na miaka 40 mbele yake, achukue miezi 360, ambayo ni sawa na kuchota asilimia 3.3, au 400, ambayo ni asilimia 3. Zaidi ya hapo naona ni hofu tu inayovaa koti la hesabu.

Lakini hata 300 inatisha. Kwa mtu wa asilimia 10, miezi 300 mara tisa ni miezi 2,700 ya kazi. Miaka 225. Hapo ndipo unapoelewa kwamba hakuna anayestaafu kwa kuweka tu. Sehemu kubwa lazima iletwe na fedha zenyewe kuzaa. Akiba ikizaa asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei, anayeweka 10 anafika 300 baada ya miaka 51. Anayeweka 20 anafika baada ya 37 hivi. Anayeweka 30, miaka 28. Ikizaa asilimia 3 tu, yule wa 20 anahitaji 47. Zikague hesabu hizi kwenye programu yoyote ya majedwali, hazina siri. Zilinionyesha kwamba ile asilimia 10 inayopigiwa debe inatosha kwa mtu mmoja tu: aliyeanza na miaka 20 na ambaye pembeni ana pensheni ya maana.

Na kuanza mapema kuna uzito ambao kijana haoni, kwa sababu hajioni akiwa mzee. Kwa ule mwendo wa asilimia 5, mwezi mmoja wa matumizi uliouweka ukiwa na miaka 25 unakuwa miezi saba ukifika 65. Ukiuweka na 45 unakuwa miwili na nusu na kidogo. Ukiuweka na 55, mmoja na nusu na kidogo. Sisemi hivi kumsuta aliyechelewa. Mimi mwenyewe nilianza na 28, tena kwa mapato ambayo yakibaki yalikuwa yanabaki kwa bahati. Aliyechelewa bado ana nyenzo mbili zenye nguvu kuliko riba: gharama ya mwezi wake, na mwaka wa kustaafu. Kila mwaka anaoongeza kazini unaongeza akiba, unaziacha fedha zilizopo zizae, na unapunguza mwaka mmoja wa kuzila. Vitu vitatu kwa mpigo. Wenye mwili wa kuendelea kufanya kazi wana bahati hiyo. Kuna kazi zinazomaliza mgongo na 55, na kuwaambia wenye kazi hizo waongeze miaka ni kukosa adabu.

Kupunguza matumizi kwa nguvu kuna kikomo chake, kila aliyejaribu anajua. Njia iliyotufaa sisi ni ile ya wachumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi, waliyoieleza mwaka 2004. Wafanyakazi waliombwa waahidi kuongeza akiba si leo bali siku watakapopandishwa mshahara, kabla nyongeza haijazoeleka. Kwenye kampuni ya kwanza walikojaribu, waliokubali walitoka kuweka asilimia 3.5 hadi 13.6 katika miezi 40. Hakuna aliyeona mshahara wake ukipungua mkononi. Sisi kila nyongeza tunaigawa katikati: nusu inakwenda kwenye akiba siku ile ile, nusu tunaila. Nusu ya kula ni muhimu. Mke wangu alisema mpango usio na nusu ya kula utavunjika kabla ya mwaka, na sikuwa na jibu.

Kabla ya kukata tamaa na 300, ondoa pensheni. Kama una mfuko unaokatwa mshahara na utakulipa kila mwezi hadi kufa, uliza makadirio, yalinganishe na gharama ya mwezi wako kwa bei za leo, na uliza swali moja ambalo fomu nyingi hazilitaji: malipo hayo yanapanda bei zikipanda? Pensheni inayofunika theluthi mbili ya mwezi wako leo na haipandi, kwa mfumuko wa asilimia 6 itafunika theluthi moja tu baada ya miaka 12. Inayopanda na bei, ikifunika nusu ya mwezi, inakupunguzia nusu ya safari: miezi 150 badala ya 300.

Naithamini pensheni ya kila mwezi kuliko mkupuo, na sababu ni mwanamke wa Arles, Ufaransa. Jeanne Calment alipokuwa na miaka 90, mwaka 1965, aliingia mkataba na mwanasheria wa mji wake, André-François Raffray, mwenye miaka 47. Raffray angemlipa faranga 2,500 kila mwezi mpaka afe, kisha nyumba aliyokuwa akiishi iwe yake. Kwa mwanasheria ilionekana kama kuokota. Raffray alifariki mwaka 1995 akiwa na 77, baada ya kulipa zaidi ya maradufu ya thamani ya nyumba ambayo hakuwahi kuishi ndani yake, na familia yake ikaendelea kulipa. Calment alifariki 1997, na miaka 122.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, nami nilicheka. Halafu nikajiona ndani yake. Raffray alikuwa kampuni ya bima yenye mteja mmoja. Kampuni halisi yenye wateja laki moja haijali nani ataishi 122, kwa kuwa wanaokufa mapema wanalipia wanaochelewa. Anayestaafu kwa akiba yake pekee naye ni kampuni ya bima yenye mteja mmoja, yeye mwenyewe. Lazima aweke fedha za kutosha iwapo ataishi hadi 95, hata kama atakufa na 72. Ndiyo maana akiba binafsi huwa ghali hivi. Na walio wawili wakumbuke kwamba fungu lazima limfikishe yule atakayebaki mwisho, na gharama za mtu mmoja aliyebaki si nusu ya gharama za wawili. Paa ni lile lile.

Hatari nyingine iko mwanzoni, na haisemwi vya kutosha. Tuseme una miezi 300 kamili, unastaafu, unakula 12 mwaka wa kwanza, zinabaki 288. Soko linaanguka kwa asilimia 30. Una miezi 201 na kitu, na mwaka unaofuata miezi yako 12 si tena asilimia 4 ya akiba, ni karibu 6. Anguko hilo hilo likikukuta miaka 20 baadaye lisingekuwa na uzito huo, kwa kuwa miaka ya kulisha imebaki michache. Kwa hiyo miaka mitano ya kwanza ndiyo inayoamua. Dawa yake haina maajabu: miezi 24 hivi ikae mahali pasipotikisika, isiguswe na hisa, ili soko likianguka ule hiyo huku hisa zikipata pumzi. Na uwe tayari mwaka mbaya kuishi kwa 11 badala ya 12.

Nimesema sana habari ya kutosha, na neno lenyewe nililoanza nalo ni raha. Kustaafu kwa raha. Kiswahili kinayaita malipo ya mwisho wa kazi kiinua mgongo, kana kwamba mtu alikuwa ameinama miaka yote na siku hiyo anasaidiwa kunyooka. Napenda neno hilo, ila linaahidi tendo la siku moja. Nilikwenda kumuuliza bosi wangu wa zamani, ambaye alistaafu miaka tisa iliyopita na ambaye siwezi kumwita jina hata leo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza fedha, naona una daftari."

Nikamweleza miezi yangu. Alisikiliza akiwa anatengeneza bawaba ya mlango, bisibisi mdomoni, kisha akaitoa.

"Watu wote huniuliza nina kiasi gani. Hakuna anayeniuliza Jumatatu inanigharimu kiasi gani."

"Jumatatu?"

"Ukiwa kazini, Jumatatu hadi Ijumaa hutumii. Huna muda. Unatumia Jumamosi. Mimi sasa nina Jumamosi sita kwa wiki, na ile ya saba ndiyo Jumapili. Mwaka wa kwanza niliishi kama mtu aliye likizo, nikasafiri, nikajenga ukuta ambao haukuhitajika, nikamkopesha kila aliyesikia kwamba nimelipwa. Mwaka wa pili nikaanza kutengeneza vitu mwenyewe. Hii bawaba ni Jumatatu ya bure."

Nikamuuliza kama anaishi kwa raha. Akanijibu kwamba raha yake ni kuwa hakuna simu anayoiogopa. Kisha akaniomba nishike mlango.

Nilirudi nikaligeuza daftari. Badala ya kukisia asilimia ngapi ya matumizi yetu itabaki, tulipita mstari kwa mstari tukiuliza: hiki kitakuwepo? Nauli ya kazini inatoka. Ada za shule zinatoka, tukijaliwa. Mkopo wa nyumba unatoka, na huo peke yake ulikuwa sehemu ya tano ya mwezi wetu. Anayepanga nyumba hana mstari huo wa kufuta, na lazima kodi yake aihesabu hadi mwisho. Matibabu tuliyaongeza mara mbili kwa kukisia. Ndugu wanaotutegemea tulijaribu kuwafuta, tukatazamana, tukawarudisha. Jumatatu za Mzee tukaziongezea fungu dogo. Mwezi wa uzeeni ukatoka mdogo kidogo kuliko mwezi wa leo, lakini si kwa kiasi cha kujivunia. Tukaamua kuhesabu kwa mwezi wa leo, na tofauti iwe mto wetu wa kulalia.

Tukachagua 360, kwa kuwa mmoja wetu ana mama aliyevuka 90. Makadirio ya pensheni zetu mbili, zinazopanda na bei, yanafunika nusu. Lengo letu ni miezi 180. Nina miaka 43. Tunaweka asilimia 22, yaani miezi mitatu na siku kadhaa kila mwaka. Tukianzia miezi 61 iliyotoka tulipogawa mara iliyopita, akiba ikizaa asilimia 3 juu ya mfumuko, nikifika 60 tutakuwa na 174. Tunapungukiwa miezi sita, na mwaka mmoja zaidi kazini unaziba pengo lote. Ikizaa 2 tu, tutakuwa na 153, na hapo itabidi tuzungumze upya. Ikizaa 4, tunavuka 195. Sina namna ya kujua ni ipi. Ninachojua ni kwamba kila Januari tutagawa upya, na tukiona tunabaki nyuma tutakuwa na miaka ya kurekebisha, si wiki.

Juzi tulipogawa, ilitoka 59. Mke wangu aliniuliza nani kachukua miezi miwili. Tulipitia taarifa za akaunti zote, hatukutoa hata senti, na fungu lilikuwa limeongezeka. Kilichoongezeka zaidi ni mwezi wenyewe: bei zilipanda, na sisi tuliongeza king'amuzi na mtu wa kufua. King'amuzi tumekiondoa. Mtu wa kufua tumekubaliana abaki. Nimeandika 59, kwa wino.